Kilti ya Anaclet

Hapana, hakuwa anaruka. Kuruka ni kazi ya njiwa. Anaclet alikuwa tu hagusi chini, na siku ile unayoniuliza, wageni waliporudi na vyakula vyao, alikuwa juu ya sakafu kiasi cha ndoo ya rangi.

Ilianza pole pole, kwenye dirisha la ile ofisi ya makaratasi ya wakimbizi. Kila akienda anaambiwa rudi mwezi ujao, na kila akirudi nyumbani amepanda kidogo. Mke wake, Julienne, ndiye aliyeona kwanza: soli za viatu haziishi. Basi wakajua. Wengi walikuwa hivyo mwaka ule baada ya Kombe la Dunia. Kwenye foleni watu walishikana mikanda ili upepo wa bahari usiwapeleke. Rafiki yake Papy, yule wa saluni, alikuwa juu kiasi cha kidole tu, akavaa soli nene, nani amuulize. Anaclet alikuwa amengoja zaidi, kwa hiyo akapanda zaidi. Kule Pinetown, kwenye kiwanda alikoshona mapazia, bosi alifurahi, maana hakuhitaji tena ngazi ya kutundikia.

Kutembea hakukumshinda. Shida ilikuwa kukaa. Ukimkalisha kwenye kiti anainuka taratibu, kama kizibo kwenye beseni. Alikula amesimama, mkono mmoja umeshika meza.

Sasa binti yao Laetitia akapata mchumba Mkenya, Mugambi, mwalimu wa chuo kikuu. Wakenya wakaja South Beach, kwenye ghorofa ya kina Anaclet, kuzungumza ndoa, Mzee Zachary, baba yake Mugambi, akiwa mbele. Lifti ilikuwa imekufa, wakapanda ngazi zote zile wakafika wanahema. Julienne alikuwa amepika bukari, ule ugali wa kwao, samaki, na sombe, yaani kisamvu, iliyokolea mawese.

"Karibuni, mukae," akasema Anaclet.

"Kaa kwanza, mwenye nyumba," akasema Mzee Zachary. "Kwetu mgeni hakai mwenyeji akiwa amesimama."

Anaclet akakaa, akainuka. Akakaa tena, akainuka. Wageni wakabaki wamesimama, mikono mbele, kama watu wa kanisani. Hakuna aliyesema neno baya. Bukari ikawa ngumu, samaki wakapoa, na maneno ya ndoa hayasemwi watu wakiwa wima. Mwishoni Mzee Zachary akaaga kwa heshima zote.

"Tutarudi, mzee mwenzangu. Ukishaweza kukaa, tuite."

Laetitia akaosha sahani ambazo hakuna aliyezilia. Alizisugua sana, zile sahani safi. Baba yake alimwangalia kutoka juu, akaamua: lazima akae.

Papy alikuja na mawazo yake. "Vieux, mzee wangu, tukufunge na kamba ku kiti."

"Nifungwe kama mbuzi mbele ya wakwe?"

"Basi tuweke majiwe mu poche ya veste."

Hapo Anaclet alikasirika kweli. Yeye alikuwa sapeur tangu Lubumbashi, mtu wa kuvaa, na mfuko wa koti lake haujawahi kubeba hata leso ikaharibu mstari wa bega.

"Veste yangu haibebe majiwe, Papy. Kama ni uzito, itakuwa uzito ya kitambaa."

Maana kule Lubumbashi, akiwa kijana, aliwahi kumwona sapeur mmoja mkubwa akishuka kwenye gari siku ya Pasaka amevaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Scotland, sufu tupu, na uwanja mzima ukageuka kumtazama. Aliitamani tangu siku hiyo.

Akashuka mjini na Julienne hadi kwa Mhindi mmoja wa mtaa wa Grey, anayewauzia vijana wa kanisa la Shembe kitambaa cha mirabaraba cha kuchezea ngoma zao. Akashika sufu nyepesi, akaiacha. Akachukua sufu nzito, nyekundu na kijani, yenye mstari mwembamba wa njano. Mwenye duka akamtazama miguu.

"Hii itakushika, uncle."

Akatoka na bunda lake kwapani, na alivuka robot, zile taa za barabarani, bila Julienne kumshika mkono.

Kitambaa kilikuwa kirefu kuliko chumba. Akakitandika mezani, Julienne amemkamata mkanda kwa nyuma asielekee dari. Kilti ina masharti yake: unakunja kwa ndani mpaka mistari ya nje ikutane, mtu aone kitambaa kama hakijawahi kukunjwa, na sehemu kubwa yote imejificha. Akapiga bandi, ile mishono ya kushikiza, kwa mkono, mkunjo kwa mkunjo, akapiga pasi juu ya kitambaa kibichi, mvuke ukajaa nyumba. Lakini mkono wake ulikuwa mkono wa mapazia. Ukazungusha mikunjo sawasawa kiuno kizima. Alipoivaa alishuka kidogo, akasimama wima hapo hapo hewani, akaanza kuzunguka pole pole.

Papy akacheka mpaka akashika ukuta. "Eish, vieux! Iko rideau ya salon!"

Anaclet hakulicheka hilo pazia la sebuleni. Akachukua mkasi mdogo, akaanza kukata bandi.

"Yote?" akauliza Julienne.

"Yote. Mutu anakaa na nyuma, hakai na tumbo."

Akarudia kazi. Mbele akaacha bapa kama ubao. Mikunjo yote akaisukuma nyuma, ya kina, imelaliana. Vidole vikavimba kwa sindano na hakuiacha.

Wakenya walirudi Jumapili baada ya ibada, wamebeba chapati zao kwenye hotpoti, kama watu wasio na hakika. Anaclet aliwapokea mlangoni: koti, soksi ndefu, viatu vya ngozi ya mamba. Miguu bado haikugusa chini. Mzee Zachary akamkagua.

"Ndugu yangu, umevaa sketi."

"Ni kilti, mzee mwenzangu."

"Na iko na uzito?"

"Tutaona."

Akaelea hadi kichwani mwa meza, akageuka. Akapitisha viganja nyuma akailaza mikunjo, maana ukikalia mkunjo uliopinduka umekalia kazi yako yote. Sufu ikamvuta kwa nyuma, pole pole. Kiti kikalia. Watu wakangoja ainuke. Kiti kikanyamaza.

"Nimekaa," akasema Anaclet.

"Umekaa," akasema Mzee Zachary, akavuta kiti chake.

Mugambi akakaa. Papy akakaa. Laetitia akapitisha maji ya kunawa, uso umemfunguka. Julienne aliinama kuokota kijiko, akaona chini ya meza viatu vya mamba vinaning'inia, soli mpya kabisa. Akainuka, akamnong'oneza mume wake.

"Foleni ya makaratasi ni kesho. Utaenda na kilti?"

"Kule hakuna viti, mama."

Anaclet akamwekea Mzee Zachary kichwa cha samaki. Julienne akakaa wa mwisho, na wakala.