Rufaa ya Sajini Kankolongo

Mwaka 1993, siku ya mwisho ya kukata rufaa, nilikwenda ofisi ya askari wastaafu kule Manika, mtaa wa mji wetu wa Kolwezi. Walikuwa wameninyima malipo ya ulemavu, wakidai goti langu liliharibika nyumbani, si vitani.

Kwenye benchi la mlangoni waliketi vijana, wale waliokuwa wakiwafukuza mjini watu wenye asili ya Kasai, mkoa mwingine. Mimi nilizaliwa Kolwezi, lakini kwetu asili ya mtu ni kijiji cha babu yake, na fomu isiyotaja asili na nyumba haipokelewi. Nilijaza yote kwa mwandiko mzuri niliojifunza shule ya jioni.

Karani, mama Kitenge, aliichukua aisome kwa sauti, kama ilivyo desturi, ili mwenyewe athibitishe.

"Mama, usome pole-pole," nilimwomba, vijana wasisikie.

"Tata," alijibu, kwa neno la heshima kwa mzee, "mi nasoma vile tunasomaka siku yote. Kankolongo Mpoyi, sajini. Asili, Kasai. Nyumba, Dilala, namba kumi na mbili. Ni vile?"

"Kumbe tata ni mugeni," kijana mmoja akasema. "Amekawia sana kwetu." Wenzake wakacheka.

Nilijua nikikana, rufaa imekufa.

"Ni vile," nilijibu.

Mama Kitenge akagonga muhuri. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu. Mke wangu Kabedi alikuwa nyumbani peke yake, akianika mihogo, mlango wazi.

Nilitoka nikichechemea upesi. Mama Kitenge aliniita nirudi kuchukua risiti, na bila risiti rufaa haihesabiki. Sikurudi.