Bendera Mikononi mwa Karani

Cherehani ya Bi Sihaba ilikuwa katikati ya pindo la sare ya shule pale Bwana Chenge, karani wa leseni, alipopanda barazani bila hodi. Ilikuwa Jumatatu, siku ya tatu ya uhuru, na mtaa mzima wa Mirongo bado ulikuwa na sauti zilizokauka kwa kuimba.

"Leseni."

Bi Sihaba aliitoa msumarini akampa. Alikuwa mjane, na baraza lile ndilo lililomlisha tangu mumewe afariki. Bila karatasi ile, cherehani ingerudi chumbani, na chumbani hawaji wateja.

Chenge hata hakuisoma. Macho yake yalikuwa kwenye bendera iliyofungwa kwenye nguzo ya baraza. Bi Sihaba aliishona mwenyewe siku ya Ijumaa. Kitambaa cha kijani kilikuwa kimepanda bei maradufu, maana wenye maduka nao walijua uhuru unakuja. Manjano aliikata kwenye pazia. Nyeusi aliikosa mji mzima, akakata buibui lake la pekee.

"Umeipindua hii," Chenge alisema. "Juu iko chini. Ni kuivunjia heshima bendera ya taifa. Leseni naondoka nayo mpaka ofisi iamue."

Alitoa karatasi ya kanuni kuthibitisha. Miaka kumi na moja alikuwa akisimamia bendera ya Mwingereza pale bomani, na ile kweli ilikuwa na juu yake na chini yake. Ikipinduliwa, mtu alilala ndani. Karatasi ilikuwa ile ile. Neno moja tu lilikuwa limekatwa kwa wino, na pembeni limeandikwa Tanganyika.

Aoko, muuza dagaa wa baraza la pili, alinyanyuka. "Dada Sihaba, si umwombe radhi tu yaishe? Watu wa ofisi utawaweza wapi?"

Hasira ilimpanda Bi Sihaba. Radhi ya kosa gani? Buibui lake amelikata, na bado anaambiwa hana heshima.

"Mimi sikusoma, Bwana Chenge," alisema. "Nionyeshe ilivyotakiwa." Akapanda kwenye stuli, akaanza kufungua kamba. "Kwani hiyo karatasi inasemaje bendera ikigusa chini?"

"Hilo ni kosa kubwa zaidi!"

"Basi pokea."

Chenge aliweka leseni na kanuni zake juu ya meza ya cherehani upesi, akaidaka bendera kwa mikono miwili.

"Haya, igeuze."

Akaigeuza. Kijani, manjano, nyeusi, manjano, kijani. Akaigeuza tena. Wapita njia wakaanza kusimama, mmoja na baiskeli yake.

"Juu ni wapi sasa, bwana?" Aoko aliuliza, na safari hii hakuwa na habari ya radhi. Watu wakaangua kicheko.

Bi Sihaba hakucheka. Alishuka, akachukua leseni yake mezani, akairudisha msumarini. Chenge alitaka kumzuia lakini mikono ilikuwa imejaa. Chini palikuwa na vumbi, na meza ilikuwa na matone ya mafuta ya cherehani.

"Shika hii, mama."

"Mimi mkosaji, nitaivunjia heshima tena. Itundike wewe mwenye kanuni."

"Nitarudi na askari!"

"Rudi naye. Lakini kwanza itundike, watu wanakutazama. Na uishike vizuri hapo kwenye nyeusi, hilo ni buibui langu."

Hakukuwa na njia nyingine. Karani alipanda kwenye stuli na viatu vyake vinavyong'aa, akafunga kamba huku jasho likimtiririka shingoni. Alipomaliza, bendera ilikaa vile vile ilivyokuwa asubuhi. Akashuka akaenda zake haraka, bila kuaga.

"Huyo atarudi," Aoko alisema.

"Najua."

Karatasi ya kanuni ilibaki mezani. Bi Sihaba aliinyoosha kwa kiganja, akaipima kwenye shingo ya ile sare, kisha akachukua mkasi akaikata iwe kiolezo cha kola.