Kulabu Inayocheza

Mfamasia alizirudisha droo nne za kwanza mwenyewe, amezikumbatia kifuani kama watoto waliomshinda kulea. Alilalamika kwamba zinapwaya; kila akivuta moja, chupa zinagongana mpaka wagonjwa wanageuka. Zilibaki nane za kutengenezwa. Ya kwanza kati ya hizo ikipwaya nayo, kazi yote ingehamia karakana ya jirani.

Seremala aliyezitengeneza alikuwa binti ambaye ndiyo kwanza ametoka chuo cha ufundi, na hii ilikuwa kazi ya kwanza mjomba wake kumwachia peke yake. Alikuwa amepima kila nafasi mara tatu. Sasa alilaza rula ya chuma ndani ya kabati la duka la dawa, kisha akasukuma tepu yake ya kupimia humohumo. Tepu ilisoma milimita moja pungufu ya rula. Akachukua ya mjomba. Nayo ikapunguza ileile, kana kwamba zimekubaliana.

Walikwenda duka la vifaa pamoja, maana mjomba hakutaka mpwa wake auziwe takataka. Muuzaji akatandaza tepu nne. Mjomba akazitikisa kulabu za mbele, vile vibati vya ncha, kwa vidole, moja moja, kama anayetafuta jino bovu. Tatu zilicheza, akazisukuma kando. Ya nne haikutikisika hata kidogo, akaibusu.

Binti akaiacha hiyo, akatoa mkobani rula na kipande cha mbao, akaanza kupima zile zilizokataliwa. Wateja wakasogea. Mmoja aliuliza kama kuna mtihani.

"Mpwa wangu, hizo zimelegea kabla hata hujazilipia."

"Zimelegezwa makusudi, Mjomba. Ukipachika ukingoni ukavuta, kulabu inasogea nje. Ukisukuma ukutani, inarudi ndani. Inasogea kadiri ya unene wake tu, ili unene huo usiharibu kipimo. Ikikazwa, lazima ikosee upande mmoja."

Ya kwanza ilicheza kupita kiasi. Ya pili, mistari yake ilianza kuachana na rula kabla ya sentimita thelathini. Ya tatu ilikubali kuvutwa, ikakubali kusukumwa, ikalala sawasawa na rula. Akaichagua.

Mjomba alijikuna kidevu.

"Yangu niliikaza kwa nyundo," alisema hatimaye. "Ilikuwa inacheza."

"Na yangu?"

"Yako niliikaza siku uliyoanza kazi. Nilitaka uanze vizuri."

Binti alijaribu kukasirika. Alifika mlangoni akacheka mpaka akaegemea kizingiti.

Kesho yake mjomba aliibeba droo mpya mwenyewe hadi duka la dawa, mpwa wake akimfuata nyuma. Kabla haijaguswa, alimwambia mfamasia kwamba zile nne ziliharibiwa na nyundo yake, si na mikono ya binti. Mfamasia akaipachika, akapanga chupa ndani, akavuta. Kimya. Akairudisha, akavuta tena, safari hii kwa kujifurahisha tu.

Kisha akauliza zilizobaki zitakamilika lini, na macho yake, alipouliza, yalikuwa kwa binti, si kwa mjomba.