Kifuachekundu Ndani ya Nyumba

Kikohozi kilinilaza tangu Novemba, na tangu Novemba Attracta, mke wa mwanangu, alikuwa akinichungulia mlangoni kuona kama bado napumua. Alikitaka chumba changu. Nilishamwambia wazi kwamba nitatoka humo nikipenda mwenyewe, na hilo lilimkera kwelikweli.

Asubuhi moja nikakuta dirisha langu liko wazi, baridi yote ya Leitrim, wilaya yetu huku Ireland, imo ndani, na makombo ya mkate wa magadi yamemwagwa kuanzia dirishani hadi kando ya mto wangu wa kulalia. Sikuhitaji kuelezwa. Kwetu huku kifuachekundu, yule ndege mdogo wa bustanini, akiingia nyumbani, mmoja wa humo hamalizi mwaka. Mwanamke huyu alikuwa ananitegea kifo kwa makombo, kana kwamba anaita kuku.

Kabla sijamwita nimtukane, ndege akaingia.

Attracta akatokea papo hapo, machozi tayari, akimwambia mume wake Malachy akimbie kwa padri. Nikamkatiza.

"Ameingia nyumbani, bibi wewe. Jina hajataja."

Ndege akadonoa kidogo, akampita Attracta kichwani, akaenda jikoni. Attracta na Malachy wakamkimbilia, nami nikajikokota nyuma yao nikishika ukuta. Alikuwa ametua kwenye kitanda kidogo cha Dervla, mjukuu wangu mchanga, anamtazama usoni, na anayetazamwa hivyo ndiye aliyechaguliwa.

Malachy akanyakua ufagio. Nikamzuia, maana anayemdhuru ndege huyo huongeza balaa juu ya balaa. Dawa ni moja tu, na sote tuliijua: mtu mwingine wa nyumba aikubali ishara kwa mdomo wake mwenyewe.

Attracta akapiga magoti, akanishika gauni.

"Mama, sema ni wako. Nakuomba."

"Sema wewe. Si wewe uliyemwita?"

Akamtazama mtoto. Akafungua mdomo. Nilingoja, na sauti haikutoka.

"Ni wangu," nikasema.

Ndege akaruka, akatoka nje kwa mlango. Attracta akaanza kunishukuru huku analia, nami nikamwambia aondoe mikono yake mwilini mwangu, nilikuwa namchukia kuliko jana. Malachy akauweka ufagio chini. Alikinyanyua kitanda pamoja na mtoto, akampita mkewe pale sakafuni, akakiingiza chumbani kwangu, akakiweka kando ya kitanda changu.