Chuma cha Paja la Zakari

Mdogo wangu Zakari alifukiwa na mlima Jumapili, kule kwetu Maniema, yeye na nyumba yake. Watu walichimba siku tatu wakapata mlango na sufuria. Walisema Ijumaa wataacha, wasome dua juu ya udongo, basi yaishe. Mimi, Alimasi, fundi cherehani wa mtaa wa Bel-Air, nilikataa. Zakari alikuwa na chuma kwenye paja, kirefu kama mkono wangu kufika kiwiko. Aliwekewa hapa Lubumbashi miaka mitatu iliyopita, alipoanguka na pikipiki, na nilimuuguza mwenyewe nyumbani kwangu. Nikaazima kwa rafiki yangu Franck wa mtaa wa Ruashi mashine yake ya kutafuta chuma ardhini, nikakata tiketi ya Alhamisi. Mama alisema neno moja tu: "Umulete."

Kwenye uwanja wa ndege mkaguzi, mama aitwaye Falonne, aliitoa mashine ndani ya sanduku.

"Papa, hii iko ya kutafuta or, zahabu. Uko na papier ya mines, ruhusa ya madini?"

"Hapana, mama. Naenda kutafuta mudogo yangu."

Walio nyuma yangu kwenye foleni wakacheka. Wacheke; mkuki kwa nguruwe. Nikatoa picha ya eksirei, nikaiinua dirishani. Chuma kikaonekana cheupe, kimenyooka ndani ya mfupa wa Zakari. Kicheko kikakatika.

Falonne alisema picha peke yake haitoshi, nimpigie simu mtu wa huko naye asikie. Nikampigia Sofia, mke wa Zakari, ambaye siku ile hakuwa nyumbani, nikaongeza sauti.

"Sofia, ambia huyu mama habari ya ile chuma."



"Shemeji, ile chuma balishaka kuitosha, haiko tena mu paja. Mwaka wa kupita, kwa docteur wa Kindu. Zakari alikatala tukwambie. Alisema unamuhangaikiaka sana."

Nikakata simu. Falonne alikunja waya za mashine taratibu, akafunga sanduku, akanisukumia.

"Pita nayo, papa," alisema. "Pole sana."

Nikapita. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya kumtafuta Zakari, na mwilini mwake hamkuwa na kitu ambacho mashine ingekisikia. Laiti wangenikatalia. Ningerudi kwa Mama na mtu wa kumlaumu.