Kipande cha Mpima Ardhi

Kilikuwa kipande kisichozidi kiganja cha mtoto, na kilikuwa kimeshonwa vibaya. Ubaya huo ndio uliolivuta jicho la Fundi Rudisha alasiri ile ya Jumamosi, alipokuwa amejinyoosha kwenye kochi akimtazama mkewe akishona blanketi lake la viraka karibu na dirisha. Alikuwa akiukosoa mshono kimoyomoyo, kama kawaida yake: hapa umepinda, pale umeruka, kule uzi umevutwa mpaka kitambaa kimenuna. Kisha jicho likauacha mshono, likatua kwenye kitambaa chenyewe. Kilikuwa sufu nyepesi ya kijivu, yenye mstari mwembamba wa rangi ya damu ya mzee ambao huuoni mpaka ukielekeze kitambaa kwenye mwanga. Mkewe akakielekeza kwenye mwanga ili aone pa kuchoma sindano. Fundi akauona mstari, akainuka akakaa kitako.

Alikijua. Fundi anaweza kulisahau jina la mteja, lakini kitambaa alichokikata kwa mkono wake hakisahau. Kile kilikuwa cha Mpima Ardhi, mgane mmoja mrefu, mwenye cheko la kujaza chumba na manukato yanayobaki dukani hata baada ya mwenyewe kwenda zake. Alikinunua safarini, akakileta kimeviringishwa kwenye karatasi laini, akatamba kwamba mji mzima hakina mwenzake. Fundi akamshonea koti. Na mabaki yote, hadi kile kijipande cha chini ya kwapa, aliyafunga akamkabidhi mwenyewe mkononi.

Huko ndiko lilikotoka jina la Rudisha. Watu wanaamini kwamba mafundi cherehani wote ni wezi: unampelekea kitambaa cha kutosha, anakwambia kimetosha kwa taabu, na wiki ijayo unamkuta mwanawe kavaa kaptura ya kitambaa chako. Baba yake, fundi pia, aliwahi kuvuliwa kofia sokoni na mteja aliyekuwa akidai nusu mita yake, watu wakiangua kicheko. Mtoto aliyekuwa ameshikwa mkono na baba yake siku ile ndiye huyu Rudisha, na aibu ile alikua nayo. Ndiyo maana, kila anapomaliza nguo, huyakusanya mabaki, akayapiga pasi, akayakunja, akayafunga kwa utepe wa kitambaa hicho hicho, kisha akamkabidhi mwenye nguo kwa mikono miwili na kusema, "Na hiki ni chako pia." Wateja humsifu. Sifa hiyo ndiyo mtaji wake, cherehani ni nyongeza tu.

Sasa kipande hiki kimefikaje hapa?

"Mama," aliita, akijitahidi sauti isimponyoke, "hicho kizuri. Umekipata wapi?"

Sindano ikasimama. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini fundi anajua sindano inaposimama.

"Tangu lini ukapenda takataka zangu?" mkewe alijibu bila kuinua uso.

"Nauliza tu."

"Nimeokota."

"Umeokota wapi?"

"Njiani, baba. Vitu huokotwa njiani." Akakata uzi kwa meno, tabia iliyomuudhi mumewe tangu walipooana, akaanza kuimba chini chini.

Mkewe alifanya kazi idara ya maji, kwenye dirisha la malalamiko. Kutwa nzima watu waliokaukiwa na mabomba walimtukana kana kwamba ndiye aliyeyanywa maji yao. Akirudi nyumbani huvua viatu, hutandika mkeka, humwaga vipande vyake na kuvipanga na kuvipangua mpaka uso unalegea. "Vitambaa havina malalamiko," husema. Blanketi lenyewe halikuwa la mtu wala la shughuli yoyote. Akiulizwa ni la nani, hujibu kwamba ni la mikono yake. Fundi hakuwahi kuyaelewa mapumziko hayo. Kwake yeye kushona ni mgongo kuuma. Siku moja alijitolea kulimalizia kwa cherehani mara moja tu liishe, mkewe akamtazama kama mtu aliyejitolea kumsaidia kula chakula chake.

Tangu alasiri ile wahka ulimwingia fundi ukagoma kutoka. Aliipima habari kila upande, akaona ina njia mbili tu. Ama mkewe aliingia dukani akachomoa kipande kabla mabaki hayajafungwa, na kama ni hivyo basi yeye ni mwizi, na jina la Rudisha limeoza ndani kwa ndani. Ama kipande kilimfikia Mpima Ardhi salama, kisha Mpima Ardhi akampa mke wa mtu. Na mwanamume hampi mke wa mwenzake kijipande cha koti lake kabla ya kumpa mengine. Fundi alijikuta akiomba, kwa unyenyekevu kabisa, mkewe awe mwizi.

Anayetafuta dalili hazikosi. Mkewe siku hizi alikuwa akichelewa kidogo kutoka kazini. Mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko haja zake, na akiingia aliupeleka chumbani kwanza ndipo akarudi kusalimu. Hata kuimba kule chini chini, kulikoanza lini? Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijiambia, na wa kuzishona nguo zenyewe ni mimi. Usiku aligeuka huku na kule, mwenzake akikoroma usingizi wa mtu asiye na deni, na hilo nalo akalihesabu kuwa ni dalili.

Jumatatu, mkewe akiwa kazini, alifunga duka mapema akaenda nyumbani kuutafuta mfuko wa vipande. Ulikuwa nyuma ya kabati. Alitarajia kukuta kimoja au viwili vya kumchoma roho. Alipoumwaga juu ya kitanda ukamwagika mji mzima: gauni la zambarau la mwalimu mkuu, suruali za dereva wa gari la wagonjwa, sare za watoto wa mwoka mikate, suti ya harusi ya kinyozi na bitana yake. Vyote alivikata yeye, na vyote alivirudisha.

Kwanza alipata nafuu ya ajabu. Hakuna mke mwenye nguvu za kuwa na mahawara wote wale, na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa bibi mwenye wajukuu. Kumbe ni mwizi! Akataka kucheka. Kisha ile nafuu ikageuka jasho jembamba shingoni, maana aliona mbele. Siku moja blanketi hili litaanikwa uani. Atapita mteja mmoja mwenye macho, atasimama, atasema: mnaona? Vile vifurushi vyake ni kiini macho tu, anarudisha kidogo aibe kingi. Na safari hii hapatakuwa na kofia ya kuvuliwa, watamvua utu mzima.

Akalitandaza blanketi, akachukua wembe, akafumua kile cha Mpima Ardhi, uzi kwa uzi, bila kukijeruhi kitambaa. Akakitia mfukoni. Vingine vyote aliviacha mahali pake, akalikunja blanketi kama alivyolikuta.

Kesho yake, jioni jioni, Mpima Ardhi mwenyewe akaingia dukani kuchukua suruali mpya ya kaki, akaizungusha mbele ya kioo na kuisifu mpaka fundi akachoka kuitikia.

"Na shemeji hajambo?" akauliza. "Nilimwona juzi hapo kwenye kona, penye studio ya picha iliyofungwa. Nilivyomwamkia, akashtuka utadhani nimemfumania!" Akaangua lile cheko lake.

"Alikuwa anafanya nini?" Fundi aliuliza huku akikunja mabaki.

"Nitajuaje, fundi wangu? Wake zetu wana siri zao."

Neno "zetu" lilimwingia fundi kama pini ya kupimia. Alimaliza kufunga kifurushi, akakitoa kwa mikono miwili. "Na hiki ni chako pia," alisema, na kwa mara ya kwanza maneno hayo yakamkera. Kwa nini mtu mwenye kujiweza hivi, anayebadilisha makoti kama soksi, apokee vijipande kwa tabasamu namna ile? Anavipeleka wapi? Akampa nafasi ya kutangulia, akavuta mlango wa duka, akamfuata akiwa bado na tepu shingoni na sindano mbili zimechomekwa kifuani.

Mpima Ardhi alikwenda kwa madaha, suruali kwapani, kifurushi kikining'inia kwenye kidole, mluzi mdomoni. Penye studio iliyofungwa palikuwa na pipa la taka. Bila kupunguza mwendo, bila hata kulitazama, akakirusha kifurushi ndani, akakung'uta vidole, akaendelea na mluzi wake.

Fundi hakuelewa mara moja. Alidhani kimemponyoka, hata akafungua mdomo amwite. Kisha akamwona mkewe akija kutoka upande wa pili, na viatu vyake vya kazini na ule mkoba mkubwa, akajibana nyuma ya ukuta. Mkewe alitazama kushoto, akatazama kulia, akautazama kwa muda mrefu zaidi upande wa duka. Akainama kwenye pipa mpaka mabega yakapotea. Alipoinuka alikuwa na vifurushi viwili, kile cha Mpima Ardhi na kimoja cha rangi ya zambarau. Akavikung'uta maganda, akavinusa, akavifuta kwa leso yake mwenyewe, akavitia mkobani. Wasichana wawili waliokuwa wakipita walimcheka waziwazi. Yeye akajifanya hamnazo, akarekebisha mkoba begani, akaenda zake nyumbani akiimba chini chini.

Fundi alibaki pale ukutani. Aibu ilimpanda tangu miguuni, wala hakujua aanze kuona aibu ya lipi. Alikwenda akachungulia pipa. Chini kabisa, kwenye maji machafu, palikuwa na utepe mmoja alioufunga wiki ile, bado na fundo lake.

Alizunguka mitaa kabla ya kwenda nyumbani. Alipofika alimkuta mkewe mkekani, blanketi magotini, kidole chake cha shahada kimepenya kwenye tundu.

"Nyumba hii imeingia panya," mkewe alisema. "Tena panya fundi. Amefumua uzi kwa uzi, hakuchana kitu."

Fundi akatoa kipande mfukoni, akakiweka mkekani, kisha akakaa kwenye kochi.

"Nimekuona leo," alisema. "Kwenye pipa."

Mkewe aliutoa kidole kwenye tundu. Ilionekana kama angekasirika, kisha uso ukawa wa mtu aliyeangusha mzigo alioubeba mbali. "Basi umeona," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipohamia duka hili. Siku ya kwanza nilivikuta juu ya taka, nikadhani wamekuvunjia duka. Halafu nikaelewa. Nikaviokota ili usije ukapita ukaviona."

"Kumbe wananicheka."

"Hawakucheki, baba. Wanakusifu mpaka kwenye dirisha langu, katikati ya matusi ya maji. Lakini mtu akishapata koti lake, vijipande atavifanyia nini? Hana pa kuviweka."

"Wote hutupa?"

"Mmoja tu hatupi. Yule mama mwenye duka la dawa. Yeye husimama pale pale kwenye kona, anafungua kifurushi, anatandaza vipande ukutani, anahesabu kimoja kimoja. Akiridhika kwamba hujamwibia, anaondoka navyo."

Fundi alimchukia mama yule kwa miaka. Ndiye mteja pekee aliyekuja na tepu yake, akakipima kitambaa mbele ya macho ya fundi, akakipima tena nguo ilipokwisha. Sasa alitamani kwenda kumshika mkono. Katika mji mzima, aliyekithamini kile kifurushi ni yule asiyemwamini. Alicheka kidogo, cheko kavu, akamtazama mkewe akitaraji naye acheke.

Mkewe hakucheka. Alikuwa amekiokota kile kipande, akikipitisha vidoleni.

"Sasa na mimi nikuulize," alisema. "Humu mna vya kila mtu. Kinyozi yumo, dereva yumo, mwalimu mkuu yumo. Kwa nini umekitoa hiki peke yake?"

Fundi angeweza kusema kwamba ndicho alichokiona kwanza, na usingekuwa uongo mtupu. Lakini alichelewa, na ule muda aliochelewa mkewe aliusikiliza wote, kama alivyozoea kuwasikiliza watu wa dirishani kwake mpaka anajua bomba limepasukia wapi.

"Aah," mkewe alisema taratibu. "Mpima Ardhi."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Usiseme. Ukisema itabidi nijibu."

Nje muuza mkaa alipita akinadi, akaishia mbali. Fundi alishuka kwenye kochi, akakaa mkekani, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yameliacha zamani.

"Lete nikishone mahali pake," alisema. "Kwa mkono. Kwa huo huo mshono wako."

Mkewe hakumpa sindano, wala hakumkatalia. Aliukokota mfuko kutoka pale ulipokuwa, kati yao, akauweka upande wake wa pili. Kisha akaanza kuvikusanya vipande vilivyotapakaa mkekani na kuvirudisha mfukoni, kimoja baada ya kingine, polepole kuliko kawaida yake. Fundi alidhani anaimba. Alipoitazama vizuri zaidi midomo yake ilivyokuwa ikicheza, aligundua kwamba alikuwa anahesabu.