Kifo cha Jino la Dhahabu

Kwa miaka mingi fundi wa majokofu na dada yake mshonaji waligombania kifo cha mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mtu huyo ni Jino la Dhahabu, jambazi wa filamu waliyoitazama utotoni, wakiwa wamebanana sakafuni kwa jirani aliyekuwa na televisheni ya pekee mtaani. Kaka alishikilia kwamba Jino alianguka kutoka darajani akaliwa na mamba. Dada aliapa kwamba alitubu, akalia kwa kwikwi, kisha akafungua duka la mikate. Ubishi huo haukuchagua mahali. Hata siku ya harusi ya dada uliibuka, bibi harusi kaitupa shela begani, anamnyooshea kaka yake kidole mbele za wakwe.

Jumapili moja mchana kaka aliingia chumba cha ushonaji bila hodi, simu mkononi.

"Nimeipata! Filamu nzima. Leo utaumbuka."

"Utaumbuka wewe," dada alijibu, akizitoa pini mdomoni moja moja. "Baba! Njoo uwe shahidi, mwanao kajileta mwenyewe."

Baba yao, mzee mstaafu aliyekuwa akiishi na binti yake, alivuta kiti taratibu, kikombe cha chai mkononi. Simu wakaiegemeza kwenye cherehani, wakaanza kutazama.

Haikuchukua muda kaka akakunja uso. "Mbona jeshi la Jino ni watu saba? Si walikuwa mia?"

"Ni hao hao, wanazunguka kichakani na kutokea upande wa pili. Tazama yule anayechechemea, huyo ni mara ya tatu!"

Likaja lile jiwe kubwa ambalo zamani lilimfanya kaka ajifiche nyuma ya mgongo wa dada yake. Liliporomoka mlimani, likamgonga farasi, likadunda kama mpira. Farasi hata hakugeuka.

"Na hilo koti!" dada alipiga kofi mezani. "Kalivaa mlinzi, kalivaa hakimu, sasa kalivaa Jino. Jamani, hata mikono hawakuipunguza!"

Walicheka mpaka baba akapaliwa na chai. Lakini Jino alipofika darajani, wote wawili waliisogelea simu. Kaka alimgusa dada kwa kiwiko. Dada akamrudishia.

Wakatokea polisi wawili. Wakamtia Jino pingu, wakampakia garini. Gari likaondoka, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda.

"Mamba yuko wapi?" aliuliza kaka.

"Na duka la mikate?"

"Wameikata hii! Nitatafuta nyingine."

Baba alisafisha koo. "Usijisumbue. Mamba ni wangu. Na mikate pia."

Watoto wake walimgeukia kwa pamoja.

"Yule jirani alikuwa akizima televisheni mumewe akirudi kutoka kazini. Bwana yule hakutaka kelele. Nyinyi filamu ile hamkuwahi kuimaliza. Wewe," alimwambia mwanawe, "uligoma kula mpaka mwovu aadhibiwe, nikakuletea mamba. Nakwenda kwa mwenzio, namkuta analia: Jino ana mtoto, akifa nani atamlisha? Nikamfungulia duka."

"Baba! Ukatuacha tugombane miaka yote hii?"

"Sasa ningemsuta nani? Wote wawili mlikuwa mnasema kweli."

Dada alijaribu kukasirika, uso ukamkatalia. Alikumbuka alivyokuwa akilala usingizi mnono, akiwaza mtoto wa Jino ameshika mkate wa moto. Kaka naye aliitazama simu kwa muda, akailaza kifudifudi, akasogeza kigoda chake karibu na goti la baba.

"Na mama je? Yeye ulimpa mwisho gani?"

"Marehemu mama yenu?" Mzee alitabasamu. "Huyo hakuwa mtu wa mamba wala mikate. Alitaka Jino aoe."

"Amuoe nani?" walidakia pamoja.

Baba alitua kikombe. "Basi, pale darajani akatokea mjane mmoja mrembo, amepanda farasi mweupe..."

"Farasi alikuwa mweusi, baba," alisema kaka.

"Mweupe!" alisema dada. "Mwache aseme."

"Alikuwa punda," alisema baba, "tena mkaidi kama nyinyi. Haya, nyamazeni."

Wakanyamaza.